Mwongozo kamili: Jinsi ya kumpima meneja wa timu ya kikapu inayojengwa upya

Kila Februari dirisha la kubadilishana wachezaji wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, linapofungwa, saa tano usiku kwa saa zetu, simu za wapenzi wa kikapu hapa Mbeya huanza kulia. Asubuhi, kabla daladala hazijajaa pale Kabwe, hukumu zimeshatolewa: "meneja kauza timu", "kapigwa", "afukuzwe". Juni baada ya drafti, siku timu zinapochagua chipukizi kwa zamu, inakuwa hivyo hivyo. Misimu miwili baadaye mambo yamegeuka, na walewale waliotaka afukuzwe wanamsifu bila kukumbuka walichosema.

Kosa hili linawakuta hata watu wanaoujua mchezo vizuri. Chanzo chake ni kwamba wanapima NBA kwa macho ya usajili wa soka. Kwenye soka letu, Prisons au Mbeya City ikipoteza mfululizo, hofu ni kushuka daraja, kwa hiyo kila kipigo ni hatari ya kweli. Klabu yenye fedha inamnunua inayemtaka, na jina kubwa likishuka uwanja wa ndege tunajua dirisha limekwenda vizuri.

NBA haiendi hivyo. Hakuna kushuka daraja. Timu mbovu hupewa nafasi nzuri zaidi ya kuchagua chipukizi. Mishahara ina ukomo. Mchezaji mwenye mkataba hanunuliwi kwa ada ya uhamisho. Anabadilishwa na wachezaji wengine au na haki za kuchagua chipukizi wa miaka ijayo. Ndiyo maana meneja, yaani bosi wa ofisi anayepanga kikosi na si kocha, anaweza kupoteza mechi 58 kwa msimu huku kazi inakwenda, na mwingine akashinda 35 huku anaizika timu. Mwongozo huu ni wa kuwatofautisha hao wawili.

## Vitu vya kuwa navyo

Daftari gumu na kalamu. Usiandike kwenye simu. Maandishi ya simu yanafutika na kurekebishwa, na wewe unahitaji ushahidi wa ulichofikiri siku ile.

Bando kidogo. Kurasa za Basketball-Reference ni nyepesi na zina takwimu za kila mchezaji tangu ligi ianze. Mikataba na mishahara utaipata Spotrac. Hizo mbili zinatosha kwa asilimia kubwa ya kazi.

Timu moja tu. Chagua timu iliyo kwenye ujenzi na ubaki nayo. Anayefuatilia timu sita anafuatilia vichwa vya habari.

Mechi moja nzima kwa wiki. Mechi nyingi zinaanza kuanzia saa tisa usiku kwetu, kwa hiyo wengi tunaishia kuona vipande vya dakika tisa wakati chai inachemka. Vipande hivyo vinaonyesha vikapu vilivyoingia. Havionyeshi chipukizi aliyechelewa kurudi kukaba mara kumi, na hilo ndilo unalotakiwa kuliona.

Kalenda yenye tarehe nne: ufunguzi wa msimu Oktoba, mwisho wa dirisha Februari, drafti mwishoni mwa Juni, na Julai wachezaji huru wanaposaini.

## Hatua ya 1: Tambua timu iko awamu gani

Usitoe hukumu yoyote kabla ya hili. Ujenzi una awamu tatu. Kwanza ni kubomoa: wachezaji wakubwa wanaondoka, haki za uchaguzi zinaingia. Pili ni kulea: chipukizi wanapewa dakika nyingi na timu inapoteza. Tatu ni kupanda: akiba iliyokusanywa inaanza kutumika.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba hatua ileile inaweza kuwa ya busara katika awamu moja na ya hasara katika nyingine. Timu inayoshinda mechi 20 ikitoa chaguo lake la raundi ya kwanza ili impate mkongwe wa miaka 31, hiyo ni kula mbegu, na mkulima yeyote wa viazi kule Uporoto anajua msimu unaofuata utakuwaje. Lakini Juni 2024 Sam Presti, meneja wa Oklahoma City, alimtoa Josh Giddey, kijana wa miaka 21 aliyemchagua wa 6 mwaka 2021, akamchukua Alex Caruso wa miaka 30. Timu yake ilikuwa imetoka kushinda mechi 57. Ilihitaji mkabaji aliyeiva, na kijana aliyehitaji kushika mpira muda wote hakuwa tena na nafasi. Mwaka mmoja baadaye walikuwa mabingwa.

Awamu utaitambua kwa namba mbili. Ya kwanza ni umri wa wachezaji watano wanaocheza dakika nyingi. Ya pili ni wastani wa tofauti ya pointi kwa mechi, yaani timu inashinda au kufungwa kwa pointi ngapi. Tofauti hiyo inasema ukweli kuliko idadi ya ushindi, kwa sababu mechi zinazoamuliwa kwa kikapu kimoja zina bahati nyingi ndani yake.

*Tahadhari:* usibadilishe awamu kwa sababu ya usiku mmoja. Tarehe 2 Desemba 2021 Oklahoma City walifungwa na Memphis 152 kwa 79. Tofauti ya pointi 73 ndiyo kubwa kuliko zote katika historia ya NBA. Mchezaji wao mkuu, Shai Gilgeous-Alexander, hakucheza, na msimu ule hakuna aliyekuwa akijaribu kuficha kwamba timu iko kwenye malezi. Aliyeandika "ujenzi umeshindwa" asubuhi ile alikuwa anaisoma timu itakayochukua kombe Juni 2025.

*Utajua umefanikiwa* ukiweza kusema kwa sentensi moja, "timu iko kwenye malezi, wastani wa umri miaka 22, inafungwa kwa pointi nane," bila kutaja jina la mchezaji yeyote.

## Hatua ya 2: Andika hukumu kabla hujaona matokeo

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na mimi naipa uzito kuliko nyingine. Meneja anaamua akiwa na taarifa za siku ile. Ukisubiri misimu mitatu ndipo umhukumu, unampima kwa taarifa ambazo hakuna mtu duniani alikuwa nazo. Majeraha, mipira ya bahati nasibu inayopanga nani achague kwanza kwenye drafti, kijana aliyeongezeka nguvu kuliko wenzake: hayo yote yanakuja baadaye.

Ndani ya siku mbili baada ya mabadilishano, fungua ukurasa na uandike mistari mitano: kilichotoka, kilichoingia, nguvu ya meneja mezani, milango iliyofunguka na kufungwa, kisha hukumu yako.

Chukua mfano wa Julai 2019, Oklahoma City walipompeleka Paul George kwa Clippers. Ukurasa ungekuwa hivi:

*Kilichotoka:* Paul George, miaka 29, wastani wa pointi 28 kwa mechi, wa tatu kwenye kura za MVP (mchezaji bora wa ligi) msimu uliopita.

*Kilichoingia:* Shai Gilgeous-Alexander, hajatimiza miaka 21, wastani wa pointi 10.8 katika msimu wake wa kwanza. Danilo Gallinari. Machaguo matano ya raundi ya kwanza, matatu ya Clippers wenyewe yasiyo na kinga na mawili ya Miami. Pamoja na hayo, haki mbili za kubadilishana chaguo (kinga na haki hizi nitazieleza Hatua ya 3).

*Nguvu mezani:* George mwenyewe aliomba kuondoka, jambo ambalo kwa kawaida humdhoofisha muuzaji. Lakini Kawhi Leonard, nyota aliyekuwa mchezaji huru, alikuwa anawataka Clippers wampate George ndipo asaini. Kwa siku chache zile Clippers hawakuwa wanamnunua mchezaji mmoja, walikuwa wananunua wawili.

*Milango:* nafasi ya kushindana sasa imefungwa. Imefunguka ya kuchagua chipukizi hadi 2026, kwa machaguo ya timu ambayo nyota zake zitakuwa zimezeeka.

*Hukumu:* nzuri. Bei imepita thamani ya mchezaji.

Soma tena ukurasa huo. Hakuna mstari unaosema Gilgeous-Alexander atakuwa MVP wa 2025. Hakuna anayejua kwamba chaguo la Clippers la 2022 litaangukia namba 12, na kwamba pale atachaguliwa Jalen Williams kutoka Santa Clara, kijana atakayefunga pointi 40 katika mechi ya tano ya fainali za 2025. Hata hivyo hukumu ilikuwa nzuri tayari. Kama vijana hao wangeumia wote, uamuzi wa 2019 ungebaki mzuri na matokeo yangekuwa mabaya, na mtu mwenye haki anaandika mambo hayo mawili sehemu mbili tofauti.

*Tahadhari:* neno "sijui" ni hukumu halali. Mabadilishano mengi ya pembeni, mchezaji wa 13 kwa mchezaji wa 14, hayastahili zaidi ya hapo. Ila yasidharauliwe yote. Luguentz Dort hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti ya 2019, Oklahoma City wakampa mkataba mdogo wa kuzunguka kati ya timu kuu na timu yao ya ligi ya chini. Mwaka 2025 alikuwa kwenye kikosi cha kwanza cha wakabaji bora wa ligi.

## Hatua ya 3: Soma haki za uchaguzi kama unavyosoma mkataba wa shamba

Habari zikisema "machaguo manne ya raundi ya kwanza", watu wanashangilia au kulaani idadi. Idadi peke yake haina maana. Kila chaguo liulize maswali matatu.

Ni la timu gani, na la mwaka gani? Chaguo la timu imara mwakani litaangukia namba 27. Chaguo la timu hiyohiyo baada ya miaka mitano linaweza kuwa la dhahabu, kwa sababu nyota watakuwa wamechoka. Mwaka 2013 Brooklyn waliwachukua Kevin Garnett, miaka 37, na Paul Pierce, miaka 35, kutoka Boston. Walitoa machaguo ya 2014, 2016 na 2018, pamoja na haki ya kubadilishana ya 2017. Siku ile wengi walitazama majina. Aliyetazama umri na miaka ya machaguo aliona kinachokuja. La 2016 likawa namba 3, Jaylen Brown. La 2017 likawa namba 1, Boston wakalipeleka Philadelphia kwa namba 3 na chaguo jingine, wakamchukua Jayson Tatum. Vijana hao wawili walitwaa ubingwa 2024.

Lina kinga? Kinga maana yake timu inayotoa inabaki na chaguo likiangukia nafasi za juu. Oklahoma City walikuwa wanadai chaguo la Philadelphia la 2025 lenye kinga ya nafasi 1 hadi 6. Philadelphia wakapatwa na msimu mbovu, ushindi 24 tu, bahati nasibu ikawapa namba 3, wakabaki nalo na kumchagua VJ Edgecombe. Deni likasogezwa mbele. Chaguo lenye kinga kubwa usilihesabu kama chaguo kamili.

Ni chaguo au ni haki ya kubadilishana? Haki ya kubadilishana inakuruhusu kuchukua chaguo la mwenzako likiwa bora kuliko lako, naye anachukua lako. Haina faida yoyote ikiwa wewe ndiye mbovu zaidi. Timu inayobomoa ikipewa haki ya kubadilishana ya mwakani, imepewa karibu hewa. Ya baada ya miaka sita, wakati inatarajia kuwa juu, ni mali.

Ujue pia kwamba kanuni ya Stepien inazuia timu kujiacha bila chaguo lolote la raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo mfululizo, na kwamba machaguo yanauzwa hadi miaka saba mbele tu. Ndiyo maana mabadilishano makubwa yana machaguo ya mwaka mmoja kuruka mmoja, na katikati zimewekwa haki za kubadilishana. Muuzaji amechukua kila kilichoruhusiwa.

*Utajua umefanikiwa* ukiweza kuchora safu ya miaka saba ya timu yako, na chini ya kila mwaka ukaandika machaguo yanayoingia, yanayotoka na kinga zake.

## Hatua ya 4: Fuata mshahara

Hapa nitapita haraka, maana mambo mawili yanatosha.

La kwanza: timu inalazimika kulipa mishahara isiyopungua asilimia 90 ya ukomo wa ligi. Ukomo wenyewe kwa msimu wa 2024/25 ulikuwa dola milioni 140.588. Timu ya vijana ina nafasi kubwa chini ya ukomo, na meneja mwerevu anaikodisha nafasi hiyo. Anampokea mchezaji mwenye mkataba mzito ambaye timu nyingine imemchoka, na anadai malipo kwa kazi hiyo. Desemba 2020 Philadelphia walitaka kumwondoa Al Horford na mshahara wake, Oklahoma City wakampokea pamoja na lile chaguo la 2025. Juni 2021 wakampeleka Boston, wakampokea Kemba Walker na mkataba wake mzito, na chaguo namba 16 juu yake. Kwa hiyo ukiona timu mbovu imechukua mzee mwenye mshahara mnono, usicheke kabla hujaona alikuja na nini.

La pili: chipukizi wa raundi ya kwanza husaini miaka minne kwa mshahara uliopangwa, miwili ya mwisho kwa hiari ya timu. Miaka hiyo ndiyo ya bei nafuu. Meneja anayeipoteza kwa kuwaweka vijana benchi anapoteza fedha hata kama hajatoa hata senti.

## Hatua ya 5: Pima drafti bila kumwonea kijana

Kwa Mtanzania mfano upo karibu, na unauma kidogo. Mwaka 2009 Memphis walimchagua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam kuwa namba 2, Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. James Harden akaenda namba 3. Stephen Curry akaenda namba 7. Mpaka leo kijiweni mtu akitaja drafti ile, mwingine anainamisha kichwa.

Tufanye kazi kwa haki. Nini kilijulikana Juni 2009? Thabeet alikuwa na sentimita 221, alikuwa mkabaji bora wa ligi yake ya vyuo akiwa Connecticut, na alikuwa amegawana na mwenzake tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo. Kilijulikana pia kwamba alianza kikapu akiwa tayari kijana mkubwa, na kwamba ufundi wake wa kushambulia ulikuwa mchanga. Na Memphis walikuwa na Marc Gasol tayari katika nafasi ileile, aliyefika mwaka mmoja kabla.

Hapo lipo swali la meneja, nalo halimhusu Thabeet. Kwa nini timu iliyo mwanzoni mwa ujenzi, yenye mchezaji wa kati (center) kijana tayari, itumie chaguo la pili kwa mchezaji wa kati mwingine anayehitaji malezi marefu? Timu inayobomoa inachagua kipaji kikubwa kilichopo, bila kujali nafasi. Inayochagua kwa nafasi lazima iwe na dakika za kumpa. Thabeet hakupewa dakika. Msimu ule ule wa kwanza alipelekwa kwa muda kwenye ligi ya chini. Lawama ya kosa hilo ni ya ofisi, kijana alikubali kazi aliyopewa.

Habari haikuishia hapo, na hapa ndipo wengi hawafiki. Februari 2011 Memphis walimtoa Thabeet kwenda Houston, pamoja na DeMarre Carroll na chaguo la raundi ya kwanza, wakamrudisha Shane Battier. Miezi miwili baadaye, wakiwa wa nane kwenye kanda yao, waliwatoa kwenye mtoano San Antonio waliokuwa wa kwanza, na Battier ndiye aliyefunga mtupo wa pointi tatu ulioamua mechi ya kwanza. Ofisi ileile iliyokosea ilikubali hasara mapema na ikatoka nayo vizuri. Meneja anayeng'ang'ania chaguo lake miaka minne ili asionekane amekosea ni hatari kuliko yule aliyekosea.

Kwa kila chipukizi wa timu yako, andika mambo manne kila Februari: dakika anazopata, usahihi wa mitupo huru, idadi ya mitupo ya pointi tatu anayojaribu, na kitu kimoja alichoshindwa Oktoba ambacho sasa anakiweza. Mitupo huru ina uzito kwa sababu mikono inayoingiza mitupo huru mara nyingi hujifunza pointi tatu baadaye.

*Tahadhari:* aliyeumia usimhukumu. Chet Holmgren, namba 2 wa 2022, alikosa msimu mzima wa kwanza kwa jeraha la mguu. Ukurasa wake kwa mwaka ule ulitakiwa kubaki mweupe.

## Hatua ya 6: Tazama wakongwe wanavyotumiwa

Timu ya vijana watupu haijifunzi. Mkongwe mzuri anafundisha kukaba, anatuliza mechi, na thamani yake inaweza kupanda. Chris Paul alifika Oklahoma City 2019 akionekana ni mkataba mzito uliokuja na machaguo ya Houston. Akacheza hadi akaitwa All-Star, mechi ya nyota wa ligi, timu ikashinda mechi 44 kati ya 72, na Novemba 2020 akapelekwa Phoenix kwa wachezaji na chaguo jingine la raundi ya kwanza. Msimu wake mmoja ulimlea Gilgeous-Alexander na ukaleta malipo.

Swali la kuuliza ni moja: mkongwe huyu anawapisha vijana au anawazibia? Angalia nani anashika mpira dakika tano za mwisho.

## Hatua ya 7: Gawa sifa na lawama

Detroit ndio mtihani mgumu. Msimu wa 2023/24 walipoteza mechi 28 mfululizo na kumaliza na ushindi 14. Meneja mkuu Troy Weaver akaondoka, kocha naye akafukuzwa. Akaja Trajan Langdon kuongoza ofisi na J.B. Bickerstaff kufundisha. Wakaongezwa Tobias Harris, Malik Beasley na Tim Hardaway Jr. Msimu uliofuata walishinda 44.

Mkasema Langdon ni fundi? Ni kweli kwa sehemu. Cade Cunningham alikuwa anazungukwa na watu wasioweza kufunga kwa mbali, na Langdon aliona hilo kwa haraka na kulitibu bila kuuza vijana. Lakini Cunningham, Jalen Duren na Ausar Thompson waliletwa na Weaver. Mimi naandika hivi: Weaver alichagua vizuri na kupanga vibaya, Langdon alipanga vizuri mali aliyoikuta. Anayempa mmoja wao yote amekosa nusu ya habari.

Kisha toa bahati pembeni. Kwa utaratibu ulioanza 2019, timu tatu mbovu kabisa zina nafasi sawa ya asilimia 14 kupata namba 1, na timu mbovu kuliko zote ina asilimia 47.9 ya kuangukia namba 5. Imetokea miaka mitatu mfululizo: Detroit 2023, Detroit tena 2024, Utah 2025. Mwaka huo wa 2025 Dallas walipata namba 1 na Cooper Flagg wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8. Hakuna meneja wa kulaumiwa wala kusifiwa kwa mipira ile. Anastahili lawama tu kama mpango wake wote ulisimama juu ya mipira hiyo.

## Hatua ya 8: Rudi kwenye daftari kwa ratiba

Fungua kurasa za zamani mara mbili tu kwa mwaka, baada ya dirisha la Februari na baada ya Julai. Ukirudi kila wiki utaanza kuandika matokeo ya juzi. Kwa kalamu ya rangi nyingine, ongeza kilichotokea, lakini usifute hukumu ya mwanzo. Hukumu ya jumla juu ya meneja iache mpaka msimu wa tatu uishe.

Ukifika hapo, tenga bei na malezi. Sam Hinkie wa Philadelphia, tangu 2013 hadi alipojiuzulu Aprili 2016, ndiye anayewagawa watu zaidi. Timu yake ilishinda mechi 19, kisha 18, kisha 10. Kwenye bei ukurasa wake ni mzuri sana: alikusanya machaguo kila alikopita, na 2014 alimchagua Joel Embiid wa Cameroon namba 3 akiwa majeruhi, wakati wengine waliogopa. Embiid akawa MVP wa 2023. Kwenye malezi ukurasa ni mbaya. Vijana waliachwa bila wakongwe wa kuwaongoza, na kupoteza kukawa mazoea ya chumba cha kubadilishia nguo. Nasimama na hukumu zote mbili, na sioni sababu ya kuziunganisha kuwa moja.

## Zoezi la kuanzia

Kama huna timu bado, anza na Utah wakati Danny Ainge akiwa kwenye uongozi. Fungua kurasa mbili za 2022. Ya kwanza ni Julai: Rudy Gobert kwenda Minnesota kwa wachezaji kadhaa, chipukizi Walker Kessler akiwemo, na machaguo manne ya raundi ya kwanza. Ya pili ni Septemba: Donovan Mitchell kwenda Cleveland kwa Lauri Markkanen, Collin Sexton, Ochai Agbaji, machaguo matatu na haki mbili za kubadilishana.

Jaza mistari mitano ya kila ukurasa kana kwamba hujui kilichofuata. Chora safu ya miaka saba. Kisha, kwa kalamu nyingine, weka msimu wa 2024/25: ushindi 17, timu mbovu kuliko zote, na chaguo likaangukia namba 5, Ace Bailey. Amua ni sehemu gani ya mstari huo wa mwisho ni ya ofisi na ipi ni ya mipira ya bahati nasibu, na uandike sababu yako pembeni kabla hujamuuliza mtu mwingine.